Msumeno Uliokuja Bila Betri

Msumeno wa kukatia matawi juu ya mti achague yule atakayekwea nao. Naliweka hili mbele kwa sababu nyumbani kwetu Tanga lilichelewa kueleweka, na kabla halijaeleweka bati la jiko lilitoboka, Mjomba aliachana na betri zake uwanja wa ndege, na Baba na Mama walipitisha siku kadhaa wakisemezana kupitia kwa Bibi.

Mwenye kesi alikuwa mwembe. Ni mwembe dodo wa zamani, mrefu kuliko nyumba, na Bibi alipomruhusu Baba kujenga pale alitoa sharti moja tu, kwamba mti usikatwe. Nyumba ikajengwa kwa kuupisha. Lakini mti hauachi kukua, na tawi moja nene, linalopita sentimita 20 pale linapotokea shinani, likatanda mpaka juu ya paa la jiko. Msimu ukiwa mzuri liliinama kwa uzito wa embe hadi likagusa bati, na kaskazi ikivuma usiku tulilisikia likikwaruza. Mwaka wa kisa hiki Mama aliona ufa karibu na panda. Masika yalikuwa yanakaribia, na tawi bichi lililolowa mvua ni mzigo mwingine kabisa. Chini ya tawi lile ndipo Mama anapokaa kila alfajiri akichoma maandazi ya biashara.

Wakati wa kulikata ulikuwa ndio huo. Mwembe huchanua kwenye ncha za machipukizi yaliyokomaa, kwa hiyo ukipogoa mara baada ya mavuno unayapa machipukizi mapya miezi ya kukomaa kabla ya msimu wa maua. Ukingoja katikati ya mwaka, unachokata ni embe za mavuno yajayo.

Kaka ndiye aliyeharakisha. Alimleta kijana mwenye chenso ya petroli, zile kubwa za kupasulia magogo, zenye mshikio nyuma, ambazo mashine peke yake, bila bapa wala mafuta, inafika kilo 7 na zaidi. Msumeno wa namna ile umetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama ardhini kwa miguu yake miwili. Kijana akaufunga kamba, akapanda ngazi yetu ya mbao, akakaa kwenye panda, akauvuta juu. Sasa ikabidi auwashe. Mkono mmoja umekamata mashine, mwingine unavuta kamba ya kuwashia, na mti umeachiwa magoti. Ulivutwa na kuvutwa mpaka ukawaka, moshi ukajaa majanini, na tangu hapo hakuna aliyesikia neno la mwenzake. Mama alikuwa akimpigia kelele ashuke. Yeye alidhani anahimizwa akate.

Alianza na tawi dogo la pembeni, akalikata kutoka juu kwenda chini kwa mkato mmoja. Tawi liliinama kabla halijakatika, likaning'inia kwa gamba, likalichana gamba hilo kuteremka shinani urefu wa mkono mzima, kisha likadondoka kwenye bati na kulitoboa. Utomvu ukachuruzika juu ya jeraha. Bibi alitoka jikoni na upawa mkononi. Hakumwambia kijana neno, alimgeukia Baba. “Mwanangu,” akasema, “mti wangu umeuletea mchinjaji.” Kijana alipewa nauli akaenda zake, na tawi lenye ufa likabaki pale pale.

Usiku ule Baba alitangaza kwamba tutanunua msumeno wetu wenyewe, wa betri. Hoja zake zilikuwa za kweli, nami nazisimamia mpaka leo. Hakuna kupima oili ndani ya petroli, hakuna kamba ya kuvuta ukiwa umening'inia, hakuna moshi usoni. Ukibonyeza unazunguka, ukiachia unasimama, na aliye juu anasikilizana na aliye chini. Shida ilikuwa kwenye kuchagua. Baba alitazama nguvu na urefu wa bapa, maana alitaka chombo kitakachomaliza kazi zote za maisha yake. Kaka alitazama bei. Mama aliuliza ni nani atakayepanda, akajibiwa kwamba hilo litajulikana baadaye. Aliporudia swali, Baba alimwambia kuwa mchagua jembe si mkulima. Hapo ndipo Bibi alipoanza kazi ya kupeleka salamu kutoka chumba hiki kwenda kile.

Methali hiyo naiheshimu, na kwa jembe ni haki yake. Jembe likikuchosha unalitua. Aliye juu ya mti hana pa kutua. Kila gramu anaibeba kwa bega, mikono ikiwa imenyooshwa, na mwili umeegemea kamba.

Binamu yetu aliyeko Minnesota alijitolea kutuma mmoja. Tulimshukuru tukakataa. Umeme wa majumbani kule Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na chaja nyingi za vifaa vya betri vinavyouzwa huko hutengenezwa kwa umeme wa huko tu. Ukiichomeka hapa unaiunguza. Ikiwa mgongoni mwa chaja pameandikwa 100 mpaka 240, haina neno. Pakiandikwa 120 peke yake, iache huko huko. Mjomba, kaka yake Mama, yuko Maskati, na Oman wanatumia volti 240 na soketi za pini tatu bapa kama zetu. Kazi akapewa yeye.

Mjomba hafanyi jambo kwa nusu. Baba alimwomba msumeno wenye nguvu, naye akanunua wa volti 36, mshikio nyuma, bapa la sentimita 40, pamoja na betri mbili za ampea-saa 5. Ukizidisha 36 kwa 5 unapata wati-saa 180, na namba hiyo ndiyo iliyomponza. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 bila maswali mengi. Kuanzia hapo hadi 160 anahitaji idhini ya shirika la ndege, na betri za akiba asizidishe mbili. Ikivuka 160, abiria haibebi kabisa, si mkononi si sandukuni. Tena betri yoyote ya akiba, hata ndogo, mahali pake ni kwenye mzigo wa mkononi, maana lithiamu ikishika moto kule chini kwenye mizigo hakuna mtu wa kuuona. Mke wa Mjomba alikuwa amezifunga zile mbili ndani ya kanga na kuzipanga katikati ya sanduku kwa uangalifu mkubwa. Mashine ya ukaguzi ikaziona. Mjomba alibishana mpaka wakaita wasafiri kwa mara ya mwisho, akamkabidhi betri kijana wake aliyemsindikiza, akapanda ndege.

Tulikuwa tumetandika mkeka sebuleni. Baba alifungua sanduku la msumeno mwenyewe, akaushika, akausifu, akatazama tundu la betri, akatazama ndani ya sanduku tena. Mjomba alikunywa chai yake yote kwanza.

“Shemeji,” akasema, “betri zimebaki Maskati.”

Mama alisimama akaenda jikoni. Tuliomfuata tulimkuta anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na hakuwa analia kwa huzuni.

Kaka aliona hapo pana nafasi yake. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kimsumeno kidogo cha bapa la sentimita 15, cha kushika kwa mkono mmoja, kimeandikwa ubavuni 88VF kwa maandishi makubwa. Akasema hiki kina nguvu kuliko cha Mjomba mara mbili na ushee, na bei yake haikufika hata robo. Baba alinyamaza. Mjomba, aliyekwisha kununua vifaa vingi maishani, akaomba tumpelekee fundi wa redio wa mtaa wa pili.

Fundi alifungua skrubu nne za betri ile juu ya meza yake, nasi tukainama kutazama. Ndani mlikuwa na seli tano za mviringo, kila moja ya milimita 18 kwa 65, zimeunganishwa mkia kwa kichwa kwa vipande vya bati jembamba. Hivyo tu. Seli ya lithiamu ya namna hiyo ina volti 3.6 kwa kawaida, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Tano zikifuatana ni volti 18, au 21 zikiwa zimejaa. Fundi akagusisha nyaya za mita kwenye ncha mbili, ikasoma 20 na pointi. Akatueleza kwamba hakuna kipimo cha umeme kinachoitwa VF, na kwamba amekwisha kuona betri za aina hiyo zimeandikwa 48, nyingine hata 388, na ukizifungua idadi ya seli ni ile ile. Tangu siku hiyo sinunui kifaa cha betri bila kutafuta wati-saa. Hata kwenye masanduku ya kampuni zenye heshima, volti 20 za sehemu moja ndizo volti 18 za sehemu nyingine, tofauti ni kama wamepima ikiwa imejaa au ikiwa kazini.

Kimsumeno kile kilikuwa na faida yake, sitaki kukionea. Fito zenye unene wa kifundo cha mkono kilizikata vizuri. Lakini hakikuwa na breki ya cheni, na wepesi wake unamvuta mtu kukata kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kile kile kinachokatwa. Mama alimtazama Kaka akijaribu kwenye mpera kwa dakika chache, kisha akamtuma mdogo wangu kwa Mzee wa nazi.

Huyu ndiye mkwezi wetu. Amekwea minazi ya mtaa ule tangu sisi hatujazaliwa, na anapogoa miembe na mikorosho ya watu mpaka Muheza. Alikuja na kamba yake begani, tukamwamkia, akapewa kahawa, akakaa na Bibi barazani wakaulizana habari za waliokufa na waliooa. Halafu akaomba aonyeshwe vyombo.

Alichofanya kilikuwa rahisi, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekifikiria. Alichukua ule msumeno mkubwa kwa mikono miwili, akauinua juu ya usawa wa bega, bapa likitazama kando, akabaki hivyo huku akiendelea kumsimulia Bibi habari ya mnazi mmoja wa Pongwe. Habari haikwisha. Mikono ilianza kutikisika, akaushusha. “Na bado haujatiwa betri,” akasema.

Mama akaleta mizani yake ya unga. Sandukuni pameandikwa uzito wa msumeno, na kampuni nyingi huandika uzito wa mashine tupu, bila betri, bila bapa, bila cheni, bila oili. Mama akaweka mashine, akaweka bapa na cheni, kisha akapima unga wa uzito wa betri kama ulivyotajwa kwenye kijitabu, akauweka juu ya mzigo. Mshale ukavuka kilo 6. Baba alisogea akausoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu bati litoboke alimwambia Mama neno bila kupitia kwa Bibi. Alimwambia, “Ulikuwa na haki.”

Mzee alieleza anachotaka. Mshikio uwe juu, katikati ya uzito, ili ukiuinua usikuinamie upande. Bapa liwe fupi, sentimita 25 au 30, maana tawi la sentimita 20 halihitaji zaidi, na kila sentimita inayozidi ni ncha iliyo mbali na jicho. Uwe na breki anayoweza kuisukuma kwa mkono wa mbele, na pete ya kuufungia kamba. Misumeno ya betri ya namna hiyo ipo. Stihl wanao MSA 161 T, Husqvarna wanao T535i XP, Makita nao wanayo yao, na mashine tupu huwa kati ya kilo 2 na 3. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba mshikio wa juu ni kwa waliofundishwa kukwea na kukata, nao wana sababu. Mshikio ule unashawishi mkono mmoja, na ncha ya bapa, robo yake ya juu, ikigusa kitu wakati cheni inakimbia, msumeno unarushwa nyuma kuelekea uso wa mwenyewe kabla hajapepesa. Mikono miwili na breki ndiyo kinga ya hilo. Msumeno wa betri unaongeza hatari nyingine: haungurumi ukiwa umetulia. Wa petroli unakukumbusha kwamba uko hai. Huu umenyamaza kimya, na kidole kikiteleza, cheni imeshaanza. Ndiyo maana Mzee huweka breki kila anapouachia uning'inie, hata kwa kufuta jasho.

Mjomba aliporudi Maskati aliurudisha ule mkubwa, akabadilishiwa wa mshikio wa juu unaokula betri zile zile. Safari hii vyote vilikuja kwa meli, ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, betri zimetajwa kwenye karatasi. Wakati tunasubiri, Baba alikwenda ofisi ya TFS, wakala wa misitu, kuulizia habari za usajili, kwa sababu msumeno wa mnyororo unaangaliwa na watu wa misitu kwa jicho tofauti na panga.

Ulipofika, nilikaa nao muda mrefu nikiitazama cheni. Jino moja linalala kushoto, linalofuata linalala kulia, na kila moja limepinda kucha kwa ndani. Umbo hilo lina historia ninayoipenda. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Joseph Cox, alisimama kutazama funza wa mdudu atoboaye magogo. Aliona anatafuna njia yake ndani ya mti kushoto na kulia, bila kujali nyuzi za mti zimekwenda wapi. Akaiga taya zake kwa chuma, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni yake. Cheni nyingi tunazotumia leo ni za ukoo huo.

Siku ya kazi Mzee alianza na kamba. Alirusha moja kwenye tawi imara la juu, akajifunga nayo kiunoni na mapajani, ya pili akaifunga kwenye tawi lenye ufa na kumpa mpwa wake ncha, aliyeizungusha kwenye shina la mnazi ili auzuie uzito. Alivaa mikono mirefu na miwani, kwa kuwa utomvu wa mwembe unababua ngozi, na mabaka yake hayaponi upesi. Kisha akakata vipande vipande kutoka nchani kuja ndani. Kila kipande kinene alikikata mara mbili: kwanza chini, theluthi ya unene, halafu juu, mbele kidogo ya mkato wa chini. Tawi lilivunjika safi, gamba halikuchanika hata uzi.

Kipande cha mwisho karibu na shina ndicho alichokifanyia taratibu. Pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe, kama kola ya shati. Mzee alikata nje ya uvimbe huo, hakuuacha mbali wala hakuugusa. Yeye alifundishwa na baba yake. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa urefu wake katika karne iliyopita na kuonyesha kwa nini. Mti hauponyi jeraha, unalizungushia ukuta kutoka ndani, na uvimbe ule ndio wenye uwezo wa kuujenga. Ukiukata umeondoa mlinzi; ukiacha kigutu kirefu, kinaoza na kuingiza uozo ndani. Wala rangi haisaidii. Kaka alikuwa amekwisha kufungua kopo, Mzee akamwambia alifunge.

Wakati wote ule Mama alikuwa chini, akisema naye bila kupaza sauti: hapo bati, hapo kamba imekaza, shusha. Betri ya kwanza iliisha tawi likiwa nusu, na umeme ulikuwa umekatika ya pili ikiwa kwenye chaja. Hakuna aliyegombana. Mzee alishuka, akala maandazi kivulini, umeme ukarudi, betri ikajaa, akapanda akamaliza. Kimsumeno cha Kaka kilipata kazi yake siku hiyo: kililala chini kikikata fito za kuni, na Mama alichomea maandazi kwa kuni hizo mpaka baada ya masika.

Msumeno sasa uko stoo, umefutwa unga wa mti, oili ya cheni imejazwa. Betri zinakaa ndani kwa Mama, chaji nusu, mbali na joto la mabati ya stoo linaloziua mapema. Juzi jirani alikuja kuuazima, anataka kupunguza mkorosho ambao matawi yake yamefika kwenye waya wa umeme. Mzee alikuwepo, akaenda kuutazama, akarudi akasema huo haukwei yeye wala hampi mtu msumeno, na jirani akapiga simu Tanesco waje wazime laini kwanza.